Re: Nimekamatwa na sangara wadogo, nyavu zimeshikiliwa

Pole sana ndugu. Nimekuelewa, umekamatwa ziwani Victoria na sangara wadogo, nyavu na mtumbwi vimeshikiliwa na sasa unaambiwa ulipe hela cash. Kwanza kabisa usitoe hata shilingi bila control namba, yani namba ya kulipia serikalini! Mimi nilishamlipa afisa mmoja mkononi, wiki moja tu baadae wenzake wakanidai upya, sina karatasi, ikabidi nilipe mara mbili, iliniuma mno.

Cha kuangalia kwanza ni hati ya ukamataji, soma wameandika kosa gani, maana sangara chini ya sentimita 50 au sato chini ya 25 ni kosa lake, nyavu za timba (za uzi mmoja wa plastiki) au kokoro (wavu wa kukokota) ni kosa jingine kabisa na hizo usitegemee kurudishiwa, huwa zinachomwa moto. Kuvua kwa baruti ndo usiseme, hiyo ni jela.

Kama ni samaki tu, nenda kwa afisa uvuvi wa wilaya na leseni yako, mwombe kufifilisha kosa, yani unakiri kwa maandishi unalipa faini bila kwenda mahakamani. Ila kama hukufanya usisaini, tafuta wakili. Mwenyekiti wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kulinda rasilimali za uvuvi) wa mwalo wenu, pale mnaposhushia samaki, aende na wewe, anasaidia sana.