Kwa aliyeokoka karibuni: sema unachokiona

Nilikuwa nimeshuhudia kwenye ushirika kwamba Bwana ameniondolea hasira, na wapendwa wakaitikia Amina. Miezi minne baadaye, asubuhi ya Jumapili, nikamfokea mke wangu mbele ya watoto kwa sababu ya shati lisilopigwa pasi. Tukaenda ibadani hivyohivyo, Biblia mkononi. Alhamisi tatu zilizofuata sikukanyaga kwenye ushirika. Nilisingizia kazi, lakini kilichonizuia ni kwamba sikujua nikisimama nitasema nini.

Nawaandikia ninyi mliookoka mwaka huu kwa kuwa naona baadhi yenu mmeanza kukosekana. Wala si kwamba mmemchukia Mungu. Mmeona haya, na haya inafukuza watu wengi kanisani kuliko mashaka.

Fungueni Marko 8, kuanzia mstari wa 22. Huko Bethsaida Yesu anamwekea kipofu mikono, kisha anamwuliza kama anaona kitu. Ingekuwa mimi ningejibu, "Naona vizuri, Bwana, asante." Yule mtu akasema kile hasa alichokiona: watu kama miti, inakwenda. Yesu hakumkemea kwa kukosa imani, wala hakumwambia aende nyumbani ashukuru kwa kidogo alichopata. Alimwekea mikono tena, akaona vyote waziwazi.

Bethsaida ndiko kwao Petro (Yohana 1:44). Katika sura hiyohiyo, mistari michache mbele, Petro anakiri kwamba Yesu ndiye Kristo, na hata sura haijaisha anaambiwa, "Nenda nyuma yangu, Shetani." Tena Wagalatia 2 inamwonyesha akiwa Antiokia, miaka mingi baada ya Pentekoste, akijitenga mezani na Wamataifa, yaani wasio Wayahudi, kwa kuwaogopa watu, hata Paulo akampinga uso kwa uso. Mtume aliyejazwa Roho, nguzo ya kanisa, bado alikuwa na mahali moyoni panapohitaji mkono wa pili. Nilipoliona hilo nililia, na sioni aibu kulisema.

Tunapenda kuwasimulia wazee wa Uamsho, ule mwamko wa kiroho wa Afrika Mashariki, kana kwamba hawakuwahi kujikwaa. Lakini Joe Church alikuwa tayari mmisionari na daktari huko Gahini, Rwanda, alipofika Kampala mwaka 1929 akiwa amechoka moyo na mwili. Huko alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda, wakaketi kusali na kuchunguza Maandiko pamoja. Moto uliosambaa Afrika Mashariki katika miaka ya 1930 ulipita kwa watu kama hao, waliokiri kwamba bado wana kiu. "Kutembea nuruni" kwao kulikuwa ni kutoficha, na aliyeiba alirudisha mali ya watu.

Hapo kwenye kurudisha muwe waangalifu, maana neno "mimi bado natengenezwa" linaweza kugeuka mto wa kulalia. Paulo aliuliza kama tudumu katika dhambi ili neema izidi, akajibu mwenyewe, Hasha! Mimi najipima hivi: nikimaliza kutubu chumbani bila kwenda kwa niliyemkosea, nimetafuta nafuu tu, sijatubu.

Jambo jingine: msiweke nadhiri mkiwa na aibu. Baada ya lile la shati nilimwahidi Mungu kusali kwa muda wa saa tatu kila usiku, nikafika usiku wa nne. Deni hilo likawa sababu mpya ya kujificha. Laiti ningeomba dakika kumi nikiwa mkweli.

Aliyenirudisha ni mke wangu. Alhamisi ya nne aliniuliza, "Baba, mimi nilikusamehe Jumapili ileile. Sasa unamkimbia nani?" Sikuwa na jibu. Nikaenda, nikasimama, nikaeleza habari ya shati mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyeshtuka. Baba mmoja, mwokovu wa miaka mingi kuliko umri wangu, akasimama baada yangu akaomba tumwombee, kwa kuwa hajasema na ndugu yake tangu wagombane mpaka wa shamba.

Hasira yangu bado inanipanda. Ilinipanda wiki iliyopita tukiwa mezani, na nilimwomba mke wangu radhi ugali ukiwa bado wa moto, watoto wakisikia.