Kwa nini shangazi hawezi kuifuta kesi: jinai, kosa na hatia

Waalaykum salaam ndugu. Umeuliza jinai ni nini hasa, na kwa nini polisi wamekataa shangazi yako aifute kesi ya kupigwa, ilhali familia zimeshakaa kwa sheha, kiongozi wa serikali mtaani, zikapatana. Mimi ni msaidizi wa sheria hapa Wete, Pemba, na suali hili naulizwa sana barazani.

Jinai tumeitoa kwenye Kiarabu, jinaya, na mzizi wake ni kuchuma tunda: mtenda uovu kajichumia. Na sisi tunasema mchuma janga hula na wa kwao, ila hapo sheria inaachana na methali. Kwenye jinai hula mchumaji peke yake, baba hafungwi kwa alilotenda mwanawe.

Kosa ni pana zaidi, hata kupotea njia ni kukosa. Deni lisilolipwa kwa kawaida ni kesi ya madai, yaani ya mtu na mtu, si jinai. Jinai ni lile ambalo sheria imelitaja na kuliwekea adhabu. Kwetu Zanzibar mengi yamo kwenye Sheria ya Adhabu Na. 6 ya 2018. Bara wana Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kadhi anabaki na ndoa, talaka na mirathi.

Wengi pia humwita mtu mwizi siku anayokamatwa, na hilo linaniuma. Siku hiyo ni mtuhumiwa, yaani anadhaniwa tu. Akisomewa shtaka mahakamani ni mshtakiwa. Hatia huitamka hakimu, baada ya ushahidi usioacha shaka ya maana.

Sasa shangazi. Jinai huhesabiwa kuwa imeidhuru jamii nzima, ndiyo maana serikali ndiyo inayoshtaki, na yeye ni shahidi. Mwenye uwezo wa kuiondoa kesi ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Sulhu ya kwa sheha haimlazimishi.

Nakuombeni msimtie muhali, yaani msimbane kwa haya za kifamilia. Nilimuona mama mmoja kizimbani akitoa ushahidi, uvimbe bado uko juu ya jicho, akisema "nilianguka" huku akimtazama wifi yake kwenye benchi. Kesi ikafa palepale, na mpigaji akarudi naye nyumba moja.

Kama familia inataka alipwe gharama za matibabu, hiyo ni fidia, na anaweza kuidai huku jinai ikiendelea. Atunze risiti za hospitali na nakala ya fomu ya polisi aliyotibiwa nayo.