Una MS? Usikimbilie dawa za kuongeza kinga

Tangu nianze kuishi na multipo sklerosisi (MS), ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo, zawadi ninayoletewa kuliko zote ni dawa ya kuongeza kinga: vidonge vya mitishamba, unga, chupa zilizoandikwa "hupandisha CD4 haraka". Anayeleta ananipenda, nami nashukuru kwa dhati. Lakini simezi. Nawe mwenye MS, nakusihi usimeze kabla daktari wako hajasoma lebo.

Kinga yetu haijapungua. Seli T, chembe nyeupe za damu (CD4 ni aina yake) ambazo kazi yake ni kupambana na maambukizi, zimegeukia mayelini, utando unaofunika nyuzi za neva kwenye ubongo na uti wa mgongo kama plastiki juu ya waya wa umeme. Utando huo ukichubuka, mguu unakufa ganzi au jicho linaingia ukungu.

Watafiti wakitaka panya wapate ugonjwa unaofanana na huu, kwa kawaida kumchoma mayelini peke yake hakutoshi. Huichanganya na mafuta yenye bakteria wa kifua kikuu waliokwisha kuuawa. Kichocheo hicho ndicho kinachoziamsha seli T, zikaongezeka, zikawa kali, zikavuka hadi ndani ya ubongo.

Kwa binadamu pia yametokea. Mwaka 1987 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 18 wa MS waliopewa interferoni gama, kichocheo cha asili cha kinga. Saba kati yao walishambuliwa na ugonjwa wakiwa kwenye matibabu, ikabidi njia hiyo iachwe. Interferoni beta, ya ukoo huohuo, hupunguza mashambulizi na iliidhinishwa Marekani mwaka 1993. Kwa hiyo anayekuambia "hii inaamsha kinga", muulize: inaamsha kitu gani?

Mlonge kwenye mboga wala tangawizi kwenye chai sivigombezi. Mama mkubwa nilimweleza hivi: "Mama, kinga yangu ndiyo inayonipiga." Akaelewa papo hapo.

Maambukizi nayo huchochea kinga, basi usiyalee. UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, hutupata sana kwa sababu kibofu hakimalizi mkojo. Ukianza kuungua, kapime mapema. Homa pia huweza kurudisha dalili za zamani bila shambulio jipya, kwa hiyo ishushe kwanza, kisha mpigie daktari.

Chanjo usizikimbie. Ya mafua ya sindano, isiyo na virusi hai, haijaonekana kuongeza mashambulizi. Zenye virusi hai, kama ya homa ya manjano, zungumza na daktari wako wa neva kwanza, hasa ukiwa kwenye dawa za kushusha kinga, na umwone kabla hujakata tiketi ya safari.