Kasi ya kunakili kloni: usiweke 100 mchana wa kazi

Ndugu yangu, usibonyeze chochote kwanza. Umeandika kwamba una volyumu 6 (sehemu za hifadhi ambazo seva huziona kama diski) za hifadhidata inayotumika kazini kila siku, kila moja ikiwa na TB 4, kwenye mtambo wa kuhifadhi data wa IBM Storwize, na kwamba kesho asubuhi utaziundia kloni (nakala kamili) kwa FlashCopy, zana ya mtambo huo ya kunakili volyumu, kwa ajili ya timu ya majaribio, huku ukiweka kasi ya kunakili kuwa 100 "ili kazi iishe mapema". Umeuliza pia kuhusu majina ya volyumu lengwa (zile zinazopokea nakala), na kama zinaweza kutengewa nafasi kidogo kidogo kadiri data inavyoingia. Mimi nimeiona hiyo 100, na mengine yote yamenitoka kichwani.

Namba hiyo si asilimia. Mtu akiona kipimo kinachoanzia 0 na kwenda hadi 100 (matoleo mapya hufika 150), moja kwa moja hudhani kwamba 50 ni nusu ya 100. Sivyo hata kidogo, kwa sababu kila unapopanda kumi, kasi hujizidisha maradufu. Kuanzia 41 hadi 50 ni MB 2 kwa sekunde, 51 hadi 60 ni MB 4, kisha 8, 16, 32, na ukifika 91 hadi 100 ni MB 64. Kwa hiyo 100 ni mara 32 ya 50. Zaidi ya hapo, kasi hiyo ni ya kila volyumu peke yake wala si ya mtambo mzima. Volyumu zako 6 zikiwekwa 100 zinaudai mtambo usome MB 384 kila sekunde na kuandika MB 384 nyingine, na ikiwa chanzo na lengwa viko katika kundi moja la diski, mzigo wote wa MB 768 unaziangukia diski zilezile ambazo wateja wako wanazitegemea.

Mimi nilikuwa na volyumu 9, na niliziwasha zote siku ya kufunga hesabu za mwezi, saa 3 na dakika 10 asubuhi. Wakaguzi walitaka sura ya hifadhidata kama ilivyokuwa asubuhi ile. Diski zetu zilikuwa zile kubwa za mizunguko 7,200 kwa dakika, katika RAID 6 (mpangilio unaolinda data hata diski mbili zikiharibika), ambako uandishi mmoja mdogo huzaa kazi sita za diski nyuma ya pazia. Muda wa kujibu wa volyumu chanzo, ambao kwa kawaida ulikuwa milisekunde 6, ulipanda hadi 90, ukafika 240, na mstari mwekundu kwenye skrini ukasimama wima kama mlingoti. Keshia wa dirisha la pili akanipigia simu akinong'ona: "Kaka, nimebonyeza kuweka akiba ya huyu mama tangu dakika nne zilizopita, na foleni imefika mlangoni." Nilikwenda kuangalia. Mama alikuwa ameshika kitabu chake cha akiba kwa mikono miwili, na duara kwenye skrini ya keshia lilikuwa linazunguka tu.

Hapo ndipo nilipofanya kosa lililonigharimu kuliko yote. Badala ya kushusha kasi, nilisimamisha unakili wenyewe. Kasi ya kunakili unaweza kuibadilisha wakati kazi inaendelea, kwa amri ya chfcmap au kwa kubofya mara mbili tatu kwenye skrini ya usimamizi, na mtambo huitii bila kupoteza kitu. Lakini ukisimamisha unakili kabla haujakamilika, volyumu lengwa hutoka hewani na kilichomo hakitumiki tena. Ukianza upya, unapata sura ya saa unayoanzia, si ile uliyoikusudia. Sura ya saa 3 asubuhi ikapotea, huku chanzo kikiwa kimeshabadilika. Tulilazimika kurejesha data kutoka kwenye kanda za sumaku na kuilisha kumbukumbu za miamala hadi ifikie saa ile, na kazi hiyo ilichukua siku mbili, usiku na mchana, wakaguzi wakiwa wamekaa ofisini wanatusubiri. Anayetaka kucheka na acheke, mimi sikucheka.

Nani aliniambia niweke 100? Mtaalamu aliyeletwa kutufungia mtambo, mtu wa suti na kompyuta mpya, ambaye nilimuuliza waziwazi akanijibu: "Weka 100 tu, kontrola inajua kujipima, mteja akija itampisha." Kontrola, yaani ubongo wa mtambo, haikumpisha mtu yeyote. Alipopigiwa simu siku ile alisema mzigo wetu ulikuwa "si wa kawaida". Siku ya kufunga mwezi huja kila mwezi! Hadi leo nikimsikia mtu anayashauri hayo kwa sauti ya uhakika, damu hunichemka, kwa sababu anayebaki mbele ya foleni si yeye.

Na ajabu ni kwamba haraka yenyewe haina msingi. Kloni ya FlashCopy husomeka na kuandikika tangu inapoanzishwa. Kipande ambacho bado hakijanakiliwa husomwa kutoka kwenye chanzo. Timu yako ya majaribio inaweza kuanza kazi papo hapo, ingawa wakiisoma kwa fujo kabla unakili haujaisha, chanzo ndicho kitakachoumia. Katika mitambo mingine, ile yenye ngazi tano za kipaumbele kutoka ya chini kabisa hadi ya juu kabisa, volyumu lengwa hufungwa hadi unakili uishe, na huko naielewa haraka ya mtu. Kwako sivyo.

Kwa hiyo anza chini, kisha panda huku ukitazama muda wa kujibu wa chanzo. Mchana weka 50 au chini ya hapo. Kwa MB 2 kwa sekunde, TB 4 zitachukua siku 24 na zaidi kidogo, nami sikuambii usubiri kiasi hicho. Usiku wateja wakishalala, na kama hakuna kazi ya kuhifadhi nakala za dharura inayoendelea, pandisha volyumu moja hadi 80, ukae dakika 15 unatazama grafu, ndipo uiguse ya pili. Alfajiri, kabla milango haijafunguliwa, zirudishe zote 50. Ukiona chanzo kinapumua kwa shida, shusha. Ukitaka shusha hadi 0, ambapo unakili wa nyuma hutulia na kloni ikabaki hai. Usisimamishe.

Tuwekee hapa muda wa kujibu wa volyumu zako za chanzo kati ya saa 3 na saa 6 asubuhi ya leo, na aina ya diski zilizo chini yake, kabla hujaanza.