Mafia tutafanya nini?

SWALI: Dada, mume wangu anataka twende kisiwa cha Mafia siku nne. Mimi nimezoea pilikapilika za Kariakoo, na nasikia kule jioni hakuna pa kwenda. Si nitachoka? – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Hakuna pa kwenda kweli, mdogo wangu, na ndilo lililonirudisha mara ya pili. Nendeni kati ya Oktoba na Machi, papa potwe wanapokuja karibu na Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa. Ni mkubwa kama daladala lakini hula vijidudu vya baharini na visamaki. Mimi nilipiga kelele nikameza maji ya chumvi; shemeji yako anacheka hadi leo.

Siku nyingine vukeni kutoka kijiji cha Utende hadi kisiwa kidogo cha Chole. Magari hakuna. Kuna magofu yaliyokumbatiwa na mizizi, na popo wakubwa wananing'inia mchana kama nguo zilizoanikwa. Kaeni na mafundi wa mashua, msikilize tezo zikichonga mbao.

Boti ya Kilindoni hupandiwa Nyamisati, huku bara, na hutazama maji kujaa na kupwa. Ukiogopa mawimbi, pandeni ndege. Beba fedha taslimu, na kanga mbili za kujitanda vijijini. Viatu virefu viache Kariakoo.