Vifaa nunua dukani, mjusi mtafute kwingine

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa hili: mzazi anayeishi Marekani, ambaye mtoto wake hataki kusikia habari ya paka wala mbwa bali mjusi, aende kumnunua kwenye yale maduka makubwa ya wanyama yenye matawi kila mji, au atafute kwingine? Jibu langu ni kwamba vifaa vinunuliwe huko, lakini mnyama atafutwe kwingine. Nitalegeza kidogo mbele, ila kwa masharti.

Wengi wanaojibu swali hili huanza kwa kuwalaumu wahudumu. Sioni faida yake. Kijana wa zamu asubuhi alikuwa upande wa chakula cha mbwa, na hata angekuwa bingwa wa mijusi asingeweza kurekebisha yaliyompata mnyama kabla hajafika dukani. Tatizo liko njiani. Duka lenye mamia ya matawi haliwezi kununua mijusi mitatu kwa mfugaji huyu na minne kwa yule. Linahitaji mzigo mkubwa, kila wiki, mwaka mzima, na mara nyingi anayeuweza ni mfanyabiashara wa jumla. Kwenye ghala lake hukutana wanyama wa mashamba tofauti, pengine wa mabara tofauti, wakishikwa na mikono ileile na kulishwa kwa vyombo vilevile, huku nyenje wa kulishia mijusi waliotoroka kizimba hiki wakiingia kile. Desemba 2009, mjini Arlington, Texas, mamlaka za mji ziliingia kwenye ghala moja la namna hiyo na kuondoa wanyama zaidi ya 26,000, wengi wakiwa hoi. Sisemi kila ghala liko hivyo. Nasema hata ghala safi huchanganya, na kuchanganya ndiko kunakoambukiza.

Chukua geko chui, yule mjusi wa madoadoa mwenye asili ya nchi kavu za Pakistan, Afghanistan na India, ambaye karibu kila duka linaye. Adui yake mkubwa ni kimelea kiitwacho kriptosporidiamu. Kinakaa kwenye mfumo wa chakula, mjusi anaendelea kula kwa muda kana kwamba hana neno, kisha mkia, ambao ndio akiba yake ya mafuta, unaanza kusinyaa hadi unabaki kama kijiti. Hakuna dawa ya kuaminika ya kukimaliza, na klorini ya kufulia nguo nayo haikiui, kwa hiyo ukiwa na mjusi mwingine nyumbani unaweza kumwambukiza hata kama unasugua kila siku. Sasa tazama kalenda. Dhamana ya duka kwa kawaida ni wiki chache tu. Mkia kusinyaa huweza kuchukua wiki nyingi, hata miezi. Siku unayoanza kushuku, karatasi ya dhamana imeshakwisha kazi.

Wengine nao wana yao. Mjusi ndevu wa Australia huja na koksidia, vimelea vya utumbo, na wakati mwingine adenovirusi, ambayo humfanya mjusi mchanga adumae au atetemeke. Chatu mpira wa Afrika Magharibi huweza kuwa na nidovirusi inayoshambulia njia ya hewa, na mara nyingi sana huja na utitiri wa nyoka, wadudu weusi wadogo kuliko mbegu ya mchicha wanaojificha kwenye mfereji wa chini ya kidevu na pembeni mwa macho.

Kisha kuna suala la alikozaliwa. Mjusi ndevu hana shaka hapo: Australia hairuhusu watambaazi wake wa asili kusafirishwa nje kibiashara, kwa hiyo wanaouzwa Marekani wamezalishwa na wafugaji. Geko chui na nyoka wa mahindi pia huzalishwa kwa wingi. Kwa kenge wa savana, kobe wa Asia ya Kati na baadhi ya chatu mpira mambo ni mengine. Wengi wa hao hutoka porini, au, kwa kenge na chatu, mayai na majike wenye mimba hukusanywa porini Ghana, Togo na Benin, kisha vitoto vikauzwa kana kwamba ni vya mfugaji. Anayetoka porini huja na minyoo yake na hofu yake. Kenge wa savana, juu ya hayo, huweza kupita mita moja na huhitaji chumba, si tangi. Kumuuza akiwa na urefu wa kiganja bila kumweleza mnunuzi ni uhuni, na hapo sina maneno laini.

Afrika Mashariki nayo imo. Vinyonga na kobe wa Tanzania walijaza masoko hayo kwa miaka mingi, hadi serikali ilipositisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Geko mdogo wa buluu wa msitu wa Kimboza, Morogoro, aliwekwa kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na kobe bapa wa mawe wa Tanzania na Kenya akafuata mwaka 2019, maana yake biashara ya kimataifa ya waliotoka porini imefungwa. Ukiwaona popote wanauzwa, dai karatasi. Na anayefikiria kubeba kinyonga kutoka kijijini akirudi Marekani ajue kwamba anaweza kukamatwa pande zote mbili.

Basi atafute wapi? Pa kwanza, kwa wale wanaopokea watambaazi walioachwa. Majimbo mengi yana vyama vya wafugaji wa watambaazi na vituo vya kuwahifadhi, na mjusi ndevu hawakosekani huko, kwa sababu mnyama huyu huishi miaka 8 hadi 12 na hamu ya mtoto huisha mapema zaidi. Unapata mkubwa, jinsia inajulikana, umri wa hatari ameupita, na mara nyingi anakuja na kizimba chake. Pa pili, kwa mfugaji mwenyewe. Mfugaji wa kweli utamjua kwa majibu: ana aina mbili au tatu tu, anakuonyesha wazazi, anakutajia siku ya kutotolewa, ana daftari la uzito na milo. Kwenye maonyesho ya watambaazi jihadhari na meza yenye aina 20 ndani ya vikopo visivyo na maandishi. Huyo naye kanunua kwa jumla, umelikimbia duka ukaangukia ghala lilelile.

Masharti ya kulegeza ni haya. Ukiishi mbali na wafugaji, na duka likawa na geko chui au nyoka wa mahindi, na mhudumu akaweza kukuambia amefika lini, anakula nini na alikula mara ya mwisho lini, unaweza kununua. Usimnunue siku ya kwanza. Mwache akae dukani wiki mbili tangu alipofika, urudi umwone tena. Wengi wanaoharibikiwa na safari huonyesha dalili katika muda huo.

Ukirudi, omba atolewe, anyanyuliwe kwa kushikwa tumboni, usitosheke na kumtazama kupitia kioo. Kwa geko, linganisha mkia na shingo: mkia unene wake usipungue wa shingo. Mgeuze kidogo uone tundu la haja. Pakavu na pasafi ni sawa, pakiwa na ukoko wa kinyesi mrudishe. Hesabu vidole, vitano kila mguu, na utazame ncha zake, kwani ngozi iliyobaki baada ya kujivua hukaza kama uzi, damu ikakosa njia, kidole kikakatika. Macho yawe wazi na yawe sawa yote mawili. Akiwa amelala mchana si kosa, ni mnyama wa jioni, lakini akiguswa aamke na anyooshe miguu, atembee tumbo likiwa limeinuka. Anayeburuta tumbo, au ambaye taya lake la chini linabonyea kama mpira, mifupa yake imekosa kalsiamu. Kwa mjusi ndevu ongeza kuangalia ncha ya mkia na vidole, maana vitoto vikirundikwa pamoja hung'atana. Chagua mwenye sentimita 20 au zaidi pamoja na mkia. Kwa chatu, mpitishie karatasi nyeupe yenye unyevu mwili mzima: vidoa vyeusi vinavyotembea ni utitiri. Omba pia kumbukumbu ya milo mitatu iliyofuatana, kwa sababu chatu mpira hujulikana kwa kususa. Chatu ambaye kichwa kinayumba au kinapinda juu chini si mgonjwa wa kupona. Kuna rangi za kuzalishwa zinazokuja na kasoro hiyo ya neva. Mwisho, omba umwone akila. Duka likikataa, ondoka.

Kuna jambo linalowashinda watu wenye huruma. Wanamwona aliyekonda kuliko wote pale pembeni, wanamnunua ili kumwokoa. Kompyuta ya duka inaandika mauzo, na nafasi yake inajazwa mzigo ujao. Mwite meneja umwonyeshe, omba apelekwe kwa daktari, na ikibidi toa taarifa kwa mamlaka ya ustawi wa wanyama ya mji. Pochi iache mfukoni.

Vifaa nilisema vinunuliwe dukani, ila si lile boksi la "seti kamili." Ndani yake mara nyingi kuna tangi la lita 38, balbu nyekundu, mchanga wa kalsiamu na kipimajoto cha mshale cha kubandika kwenye kioo. Kipimajoto hicho hupima hewa ya ukutani, wakati mjusi analala sakafuni chini ya balbu ambapo joto ni jingine kabisa. Mchanga huo ukimezwa na mjusi mdogo wa umri huweza kuziba utumbo. Na mkeka wa joto usio na themostati, yaani kidhibiti joto, huweza kuunguza tumbo, kwa kuwa mjusi hachelewi kulala juu ya kitu cha moto, huchelewa kuondoka.

Nunua kimoja kimoja. Kwa geko chui, kizimba cha sentimita 90 kwa 45 kinatosha maisha yake yote. Kwa mjusi ndevu mkubwa au chatu mpira, 120 kwa 60. Themostati ni lazima, na kihisio chake kikae pale mnyama anapolala. Geko anataka sakafu ya upande wa joto iwe nyuzi 31 hadi 33 za selsiasi na upande wa baridi 24 hadi 26. Mjusi ndevu anataka jiwe la kuotea lifike 38 hadi 42, ukilipima kwa kipimajoto cha kulenga, pamoja na taa ndefu ya UVB, yaani mionzi kama ile ya jua, si ile fupi ya kujisokota ambayo mwanga wake huishia sehemu moja. Taa hiyo isipitie kioo, kwani kioo huzuia UVB karibu yote. Wavu wa juu nao hupunguza theluthi hivi, kwa hiyo ukiiweka juu ya wavu isogeze karibu kama mtengenezaji anavyoelekeza. Ibadilishwe kila miezi 12 hata kama bado inawaka, maana UVB huisha kabla ya mwanga. Washa kila kitu wiki nzima kabla ya mnyama kufika. Hesabu ya jumla itakuonyesha kwamba mjusi mwenyewe ndiye kitu cha bei ndogo kuliko vyote, hivyo nafuu ya duka haina uzito mkubwa.

Akifika, awe ametoka dukani au kwa mfugaji, aingie karantini ya siku 90 kama kuna mtambaazi mwingine nyumbani. Chumba tofauti, koleo na vyombo vyake peke yake, naye ahudumiwe wa mwisho. Sakafu iwe karatasi nyeupe za jikoni, maficho mawili ya plastiki, bakuli la maji, basi. Magogo na magamba ya miti yasubiri, kwa sababu yakishachafuka na kriptosporidiamu ni ya kutupa. Usimshike wiki ya kwanza. Nyenje wasizidi upana wa nafasi kati ya macho yake, wapakwe unga wa kalsiamu. Mpime kila wiki kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu. Akipoteza sehemu moja ya kumi ya uzito, muda wa kusubiri umekwisha, tafuta daktari wa wanyama anayetibu watambaazi. Mpelekee kinyesi kibichi cha siku hiyohiyo kwenye mfuko mdogo. Kama lazima kilale, kilale kwenye friji, si friza. Rudia baada ya wiki nne hadi sita, kwa kuwa vimelea havitoki kila siku. Kriptosporidiamu iombewe kwa jina kipimo cha PCR, kinachotafuta chembe za urithi za kimelea, kwani uchunguzi wa kawaida wa darubini huweza kuikosa.

Kwa wenye watoto wadogo: watambaazi wengi wenye afya hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha. Kuanzia 2012 hadi 2014 mlipuko uliohusishwa na mjusi ndevu uliwafanya watu zaidi ya 150 Marekani waugue, zaidi ya nusu wakiwa watoto wa miaka 5 au chini, na wanyama hao walikuwa wamenunuliwa maduka mbalimbali. Kobe wa maji mwenye gamba lisilofika inchi 4 amepigwa marufuku kuuzwa kama mnyama wa kufuga tangu 1975 kwa sababu hiyohiyo. Nyumba yenye mtoto chini ya miaka 5, mjamzito, mzee au mwenye kinga dhaifu isubiri. Vyombo vya mjusi visioshwe kwenye sinki la jikoni.

Na dhamana ile fupi, itumie. Siku ya kununua piga picha ya mnyama, ya risiti na ya lebo ya kizimba alichotoka, kisha uliza kama gharama ya daktari inarudishwa au ni bei ya mjusi tu. Akifa ndani ya muda huo, mfunge kwenye mfuko ndani ya mfuko mwingine, mweke kwenye friji mbali na chakula, asigandishwe, kwa sababu barafu huharibu tishu. Mfikishe kwa daktari ndani ya siku moja au mbili afanyiwe uchunguzi. Duka likitaka mwili urudishwe, daktari awe ameshachukua sampuli zake kwanza.