Madogo mnaoanza field ya upimaji wa ardhi, tuongee kuhusu kontrola

Madogo mnaokuja field Arusha na Moshi, wa Chuo Kikuu Ardhi, wa Ardhi Morogoro na nyie mnaojifunzia kwa fundi, naomba niongee kuhusu kile kidude mnachokigombania siku ya kwanza, kontrola, wengine mnaita data kolekta, kile cha mkononi kinachoendesha mashine ya kupimia na kuhifadhi vipimo. Kila dogo anataka akishike maana kina skrini na mchoro unajichora wenyewe, huku chenimani, yaani msaidizi wa mpimaji, anahangaika na jembe na bikoni, zile alama za mpaka. Kishikeni tu, ndo mtajifunza, ila mjue hapo umeshika mpaka wa mtu, na yule mtu hana namna ya kukagua ulichobonyeza.

Cha kwanza kabisa, humo ndani kuna vitu viwili tofauti. Kuna vipimo ghafi, yaani pembe, umbali, urefu wa nguzo inayobeba kioo au antena, saa, setilaiti zilikuwa ngapi, ilikuwa fiksi (nafasi imetulia kwa sentimita) au floti (bado inayumba), halafu kuna koordineti, namba za mahali alama ilipo, ambazo programu imezipiga hesabu kutoka kwenye hivyo vipimo. Koordineti ni jibu, vipimo ghafi ndo kazi yenyewe. Tuseme chenimani ameshusha nguzo kutoka mita 2 kuja 1.8 ili apite chini ya tawi na wewe hujabadilisha kwenye kontrola, miinuko yote kuanzia hapo imekosea sentimita 20, lakini kama una faili ghafi na umeandika alama gani nguzo ilishushwa basi ofisini unarekebisha na hesabu inajipanga upya. Ukiwa na CSV, lile faili la koordineti tu, peke yake na hukumbuki ni wapi, jiandae kurudi saiti. Kwa hiyo jioni toa faili zote mbili, na ile ghafi usiifute hata mstari mmoja, hata ile alama uliyopiga kwa bahati mbaya, iache hapo hapo uandike noti kwamba haitumiki.

Wazee waliotutangulia walikuwa na kikokotozi cha HP 48 chenye kadi ya programu za upimaji, skrini ndogo, namba tu, na data zinahamishwa kwa waya kwenda kwenye kompyuta. Kwa sababu walikuwa wanaangalia namba na sio picha, ukimtajia mzee koordineti anakwambia papo hapo hii ya huku au imepotea. Huo uwezo nataka muupate. Sisi tuko kusini mwa ikweta kwa hiyo kaskazini yetu inahesabiwa kutoka milioni 10, Arusha mjini utasoma milioni 9 laki 6 na ishirini na kitu elfu, na mashariki laki 2 na arobaini na kitu elfu, ukishuka Moshi mashariki inakuwa laki 3 na kumi na kitu elfu. Namba ya tarakimu saba ni kaskazini, ya sita ni mashariki, basi. Ukiingiza faili kutoka ofisini ukaona zimegeuzana, jua wakati wa kuingiza ulichagua mpangilio wa kuanza na mashariki wakati faili limeanza na kaskazini, na hili nakwambia linatokea kila msimu.

Na kanda ya UTM, ule mfumo wa gridi ya ramani unaoigawa dunia vipande vya nyuzi 6 za longitudo. Arusha na Moshi tuko kanda ya 37, lakini mstari wa nyuzi 36 unapita kati ya Makuyuni na Mto wa Mbu, ukiupita kwenda Karatu umeingia kanda ya 36 na mashariki inaruka kutoka laki 1 na kitu hadi laki 8. Ukiona hivyo usiogope, ila usiendelee na job (faili la kazi) ya jana, uliza kwanza kazi inatakiwa iwe kwenye kanda gani. Halafu kuna Arc 1960 na WGS 84, misingi miwili tofauti ya kuhesabia koordineti, bikoni nyingi za zamani na ramani zake ziko Arc 1960 wakati risiva, kipokezi cha setilaiti, inaanza na WGS 84, na kati ya hizo mbili kuna karibu mita 300. Kosa la mita 300 ni zuri kwa sababu linaonekana, unajikuta kwenye shamba la jirani.

Linaloumiza ni kosa dogo lisiloonekana. Pima umbali wa kilomita moja kwa totali stesheni, ile mashine ya kupima pembe na umbali, hapa Arusha mjini, halafu upige hesabu ya huo huo umbali kutoka kwenye koordineti za UTM, ya koordineti itazidi kwa kama sentimita 20, fanya hivyo Moshi itapungua kwa kama sentimita 11 au 12. Vifaa havijaharibika, ni skeli ya UTM ikichanganyika na mwinuko wetu, Arusha tuko mbali zaidi na mstari wa katikati wa kanda, hilo linaongeza, ingawa pia tuko juu zaidi, na hilo linapunguza. Kwenye kontrola kuna sehemu ya kuchagua umbali wa ardhini au wa gridi, dogo anayegusagusa hiyo sehemu bila kuuliza anaharibu kazi ya watu wote kwenye timu. Vivyo hivyo namba ya prizimu, kile kioo kinachorudisha mwanga wa totali stesheni, kuna za sifuri, kuna za milimita 30, ukikosea kila umbali unaongopa sentimita 3 na mchoro bado unapendeza.

Sasa Kibosho, Uru, Marangu, huko kwenye vihamba, mashamba ya koo za Wachaga, ndo utajua kama unajua kazi. Migomba, mikahawa na miti mirefu juu yake, rova, risiva unayotembea nayo, inakuambia fiksi na kumbe sio kweli. Msipige mara moja mkaondoka. Piga, kata fiksi, subiri ianze upya, piga tena, zikipishana zaidi ya sentimita chache weka rova pembeni mlete totali stesheni kutoka kwenye uwazi. Na kwenye misimbo, vile vifupi vya kusema alama ni kitu gani, msiandike MTI kwa kila kinachoota! Masale, ile mimea ya majani marefu, yana msimbo wake, kwa Wachaga yale ni mpaka, ukiandika mti ofisini mchoraji anaufuta kama uchafu na umefuta ushahidi ambao mzee wa ukoo amekutembeza kuuonyesha.

Chaji mnaijua. Vumbi la Kisongo nalo, kontrola nyingi ni IP67, yaani haziingii vumbi wala maji, lakini kile kifuniko cha tundu la chaji kikiachwa wazi hiyo IP67 haipo tena. Bando la intaneti la rova kupokea masahihisho ya nafasi nunueni kabla ya kutoka mjini.

Asubuhi kabla ya alama yoyote mpya, piga bikoni unayoijua, iite jina lenye CHK, yaani ya kukagua, linganisha. Jioni kabla beisi, ile risiva iliyosimama sehemu moja, haijafungwa piga ile ile tena, na kama hazikubaliani usimruhusu mtu yeyote kukunja tripodi, hata kama gari linapiga honi, mwite kiongozi wa timu aje aone kwenye skrini mwenyewe.